Kompyuta zikiachana na seva, kagua waya kabla ya kumfuta karani

Leo ningependa tuzungumzie tatizo linalosumbua ofisi nyingi ndogo mitaani mwetu. Wengi hudhani ni la mafundi peke yao, lakini mwishowe humgusa mzazi, mwanafunzi na mfanyakazi wa kawaida. Nalo ni kukatika kwa mawasiliano kati ya kompyuta za ofisi na ile kompyuta kuu iitwayo seva.

Seva ni kama kabati kubwa la faili ambalo kila karani hulifungua akiwa mezani pake. Badala ya kila mtu kuweka rekodi zake kivyake, rekodi zote hukaa mahali pamoja na kila kompyuta huzifikia kupitia waya au waifai. Ni mpango mzuri sana maadamu njia ya kulifikia kabati iko wazi. Njia ikizibika katikati ya kazi, hapo ndipo matata huanza.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna shule ya kibinafsi huko Umoja yenye kompyuta nne na seva iliyowekwa chini ya meza ya mwalimu mkuu. Mama mmoja anakuja na stakabadhi ya benki kuonyesha amelipa karo ya muhula. Karani anaingiza malipo hayo, na kabla rekodi haijafika kwenye seva, mawasiliano yanakatika. Anaanzisha kompyuta upya, foleni ni ndefu, na anaendelea na mzazi anayefuata. Jumatatu, orodha ya wenye madeni inachapishwa, na mtoto wa yule mama anarudishwa nyumbani akilia huku stakabadhi iko kwenye mkoba wa mamake.

"Mwalimu, malipo hayo niliyaandika mbele ya mama huyu," karani anajitetea.

"Mbona basi hayaonekani?" mwalimu mkuu anamuuliza, na hii ni mara ya tatu katika muhula mmoja.

Msomaji, unajua mambo kama haya huishia wapi. Karani hupewa barua. Au fundi huitwa, naye hutazama kidogo, hutikisa kichwa na kusema, "Seva hii imezeeka, nunueni nyingine." Shule hukopa, seva mpya huletwa, na baada ya siku mbili mawasiliano hukatika tena kama kawaida. Karani amekwenda, pesa zimekwenda, ugonjwa umebaki.

Ninalotaka kukuambia leo ni hili: mawasiliano hayakatiki ovyo ovyo. Yana mtindo wake, na anayetaka kuujua hahitaji kwanza vifaa vya bei ghali. Anahitaji daftari, subira na utaratibu wa kukagua kitu kimoja kwa wakati.

Ni mtandao upi uliokatika?

Kabla ya lolote, tofautisha mtandao wa nje na ule wa ndani. Mtandao wa nje ni intaneti, ile inayoletwa na kampuni unayoilipa kila mwezi. Mtandao wa ndani ni njia kati ya meza ya karani na seva, ndani ya jengo lenu wenyewe.

Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kujikokota nchini Kenya na kwa majirani zetu. Lakini ofisi iliyokuwa na seva chumbani haikuwa na sababu ya kukosa faili zake siku hizo, kwani njia ya kutoka kwa karani hadi chini ya meza ya mwalimu mkuu haipiti baharini. Kwa hivyo, ikiwa tovuti hazifunguki lakini faili za seva zinafunguka, pigia simu kampuni ya intaneti. Ikiwa tovuti zinafunguka lakini seva haionekani, usiwasumbue watu hao. Ugonjwa uko nyumbani kwako. Bila shaka, ikiwa programu mnayotumia imewekwa kwenye seva ya kampuni iliyo mbali, basi mtandao wa nje ndio njia yenu, na hesabu inageuka.

Nani, lini na wapi

Sasa chukua daftari. Kwa siku tano, kila mara mawasiliano yakikatika, andika saa, kompyuta iliyokatikiwa, na jambo lililokuwa likifanyika wakati huo. Usidharau kazi hii. Daftari lenye mistari kumi na miwili litakufaa kuliko fundi anayebahatisha.

Ikiwa ni kompyuta moja tu inayokatikiwa, seva haina hatia. Kagua waya wa kompyuta hiyo, tundu unamochomekwa na kadi yake ya mtandao. Ikiwa ni kompyuta zote kwa mpigo, tazama seva yenyewe, stima, na kile kisanduku chenye matundu mengi na taa ndogo zinazomeremeta ambacho mafundi hukiita swichi. Na ikiwa ni kompyuta za chumba kimoja huku za chumba kingine zikiendelea na kazi, tafuta kitu ambacho hizo za kwanza hushiriki. Aghalabu utakuta ni swichi ndogo iliyofichwa nyuma ya kabati, ambayo hata mwenye ofisi alikwisha kuisahau.

Baada ya hapo kuna jaribio moja ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulifanya. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Humo andika neno ping, uache nafasi, uandike namba ya anwani ya seva, uache nafasi tena, kisha uandike -t. Kwa mfano: ping 192.168.1.10 -t. Kompyuta itaanza kuibishia hodi seva kila sekunde moja, na seva itajibu kila mara. Liache dirisha hilo wazi siku nzima huku karani akiendelea na kazi. Ukitaka kulisimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Mawasiliano yakikatika, tazama dirisha hilo mara moja. Ikiwa majibu yamekoma, ama njia yenyewe imeziba (waya, swichi, anwani au stima) ama seva imelala. Ikiwa majibu yanaendelea kuja huku programu ya karo ikilalamika kuwa haioni seva, njia ni nzima na shida iko ndani ya seva au katika programu. Kwa jaribio hilo moja umekwisha kupunguza shaka kwa nusu. Tahadhari tu kwamba seva nyingine zimefungwa zisijibu hodi za aina hii. Ikiwa yako haijibu hata wakati kazi inakwenda vizuri, muulize aliyeiweka aifungue.

Waya na vichwa vyake

Mfumo huu wa kuunganisha kompyuta kwa waya, uitwao Ethernet, ulibuniwa na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani, mwaka wa 1973. Katika ofisi za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kompyuta nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye waya mmoja mnene kama kamba ya kuanikia nguo. Kichwa kimoja kikilegea, ofisi nzima ilinyamaza. Leo kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye swichi, na ndiyo sababu tunaweza kumtambua mgonjwa mmoja bila ya kuwagusa wengine.

Waya wa siku hizi una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Msokoto huo si urembo, kwani ndio unaozuia kelele za umeme zisiingie. Anayefunga vichwa vya waya sharti afuate mpangilio wa rangi uliokubaliwa. Ule unaotumiwa sana ni huu: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kuna mafundi wanaosema mradi pande zote mbili zinafanana, rangi hazina maana. Si kweli. Ukizipanga upendavyo, jozi huvunjika, na waya hufanya kazi kwa kubahatisha: asubuhi mzuri, mchana unakatika.

Urefu wa waya kutoka swichi hadi kompyuta usizidi mita 100. Usiulaze sambamba na waya wa stima, usiupitishe chini ya miguu ya viti, na usiuache kwenye dari lenye panya. Jihadhari pia na waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini hukatika upesi ukikunjwa na haubebi mawasiliano kama waya wa shaba tupu. Unapokwenda Luthuli Avenue kununua, uliza wazi wazi kama ni shaba tupu, na usione haya kukwangua uzi mmoja kwa kisu kidogo. Ukiona weupe ndani, umekwisha kujua.

Jaribio la waya ni rahisi mno. Badilishana waya kati ya kompyuta inayosumbua na ile isiyosumbua. Tatizo likiufuata waya, waya ndio mbaya. Likibaki pale pale, rudisha nyaya mahali pake, kisha ujaribu tundu jingine la swichi. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mambo yakatengenea, hutajua ni kipi kilichokuwa kibovu, na siku kitakaporudi utaanza upya.

Ishara nyingine ni kasi. Mawasiliano ya megabiti 1,000 kwa sekunde huhitaji jozi zote nne, lakini yale ya megabiti 100 huhitaji mbili tu. Kompyuta ambayo ilikuwa ikionyesha 1,000 na ghafla sasa inaonyesha 100, yamkini ina uzi uliokatika mahali fulani. Inachechemea, lakini haijaanguka.

Stima na jirani mchomeleaji

Hakuna mkaaji wa Eastlands anayehitaji kufundishwa kuhusu kupotea kwa stima. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Lakini kinachosumbua mawasiliano zaidi si giza la usiku kucha. Ni ule mpepeso wa nusu sekunde ambao taa hufifia kidogo na hakuna anayejali. Swichi nyingine haziwezi kuuvumilia. Hujizima, hujiwasha, na kwa muda huo kila kompyuta hupoteza seva.

Ikiwa jirani yenu wa chini ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, linganisha daftari lako na saa zake za kazi. Tazama pia taa za swichi. Zikizimika zote kwa pamoja kisha ziwake upya, umempata mwizi.

Na hapa nitaje kosa linaloonekana sana. Ofisi hununua betri ya kushikilia stima, ile iitwayo UPS, na kuiunganisha na seva pekee. Swichi huachwa ikichomekwa ukutani. Stima inapopotea, seva hubaki hai lakini hakuna njia ya kuifikia. Ni sawa na kuweka jenereta sebuleni na kusahau kufungua mlango. Swichi hula umeme kidogo sana, kwa hivyo ichomeke kwenye betri hiyo hiyo. Kompyuta ya karani wa pesa nayo iwe na betri yake, angalau apate dakika chache za kuhifadhi kazi na kufunga programu kwa utaratibu.

Namba zinazogongana

Kila kompyuta kwenye mtandao ina namba yake ya anwani. Kwa kawaida rauta ndiyo hugawa namba hizo kila kifaa kinapoingia. Seva lakini haipaswi kubahatisha. Ipewe namba isiyobadilika, na namba hiyo itengwe ili rauta isimpe mwingine. La sivyo, siku moja simu ya mgeni itapewa namba ya seva, na vifaa viwili vitaanza kuitikia jina moja. Ukiona seva hupotea kila asubuhi wafanyakazi wanapoingia na simu zao, anza hapo.

Kuna mchezo mwingine. Mfanyakazi huleta rauta ya zamani kutoka nyumbani ili apate waifai karibu na meza yake, na kuichomeka kwenye waya wa ofisi. Sasa kuna wagawaji wawili wa anwani, kila mmoja na orodha yake, na kompyuta zinazohudumiwa na yule mgeni hazimwoni seva. Na ikiwa kompyuta ina namba inayoanza na 169.254, maana yake ni kwamba iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe.

Mwisho katika fungu hili, hakikisha hakuna waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Mfagiaji akiuona waya unaning'inia, huuchomeka kwenye tundu lililo wazi akidhani anasaidia. Katika swichi za bei nafuu, ujumbe huanza kuzunguka bila mwisho mpaka mtandao wote unasongwa.

Wakati seva yenyewe ina makosa

Ikiwa dirisha jeusi linaonyesha kuwa njia ni nzima, au umekwisha kukagua waya na swichi, sasa unaweza kumgeukia mshukiwa aliyekuwa akisingiziwa tangu mwanzo. Ofisi nyingi hutumia kompyuta ya kawaida kama seva. Si dhambi, lakini kompyuta kama hiyo huwa imepangwa kulala isipoguswa. Ingia kwenye mipango ya umeme uiambie isilale kamwe, na uifungulie kadi ya mtandao ile ruhusa ya kujizima ili kuokoa umeme, yaani uiondoe kabisa. Fahamu pia kwamba Windows 10 na 11 za kawaida hazikubali zaidi ya vifaa 20 kuunganishwa kwa wakati mmoja. Wa 21 hufungiwa mlango.

Kwa upande wa seva halisi za Windows, kuna jambo la dakika 15. Kompyuta isipoomba chochote kwa muda huo, seva huikatia kikao. Mara nyingi ikiguswa tena hujiunganisha yenyewe, lakini programu za zamani za uhasibu hazijui kufanya hivyo. Kwa hivyo ikiwa daftari linasema mawasiliano hukatika baada ya chakula cha mchana, hutahitaji waya mpya. Mtaalamu wako atabadilisha mpango huo kwa amri moja.

Na kwa wanaotumia waifai katika majengo ya ghorofa kama yale ya Pipeline au Umoja, kumbuka kuwa mnagawana hewa na majirani. Katika masafa ya gigahezi 2.4, njia zisizoingiliana ni tatu tu: namba 1, 6 na 11. Nyumba 40 zikizipigania, atakayeumia ni karani wa karo. Chochote kinachohusu pesa na rekodi za watu kipitishe kwa waya.

Turudi sasa kwa yule mwalimu mkuu wetu. Kabla ya kuandika barua ya kumfuta mtu, aulize: je, tulifungua dirisha jeusi? Je, tulibadilishana waya? Je, swichi iko kwenye betri? Haya yote yanaweza kufanywa bila kununua seva. Na mpaka ugonjwa upatikane, karani asimwachilie mzazi dirishani kabla ya kufungua rekodi upya na kuona malipo yamo, na stakabadhi zihifadhiwe kwenye faili la karatasi. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya orodha ambayo kila mtu ofisini anajua ilitoka kwenye mtandao unaokatika.

Nanyi wanafunzi mnaotafuta kazi ya mikono na akili, hapa pana riziki. Koleo ya kubania vichwa, kipimo cha waya na daftari vinatosha kuanzia. Shule, zahanati na vyama vya akiba kuanzia Jericho hadi Komarock vinahitaji kijana atakayefika, aulize nani, lini na wapi, na aseme ukweli hata kama ukweli huo ni kwamba waya mmoja tu ndio uliotafunwa na panya.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaangalia jinsi ya kuhifadhi nakala za rekodi ili hata seva ikifa kweli, kazi isife nayo.